Fundi wa Bomba na Ubao wa Kasoro

Mtu niliyemwogopa kuliko wote niliowahi kuishi nao hakuwahi kunifokea ila mara moja. Alikuwa mpole, mfupi, mwenye koti la kijani lililochakaa viwiko, na alikuwa na tabia ya kusema "asante" kabla hujamaliza kusema ulichokuja kusema. Kijiji kizima kilimwita Fundi. Mimi nami nilimwita Fundi, na kwa kuwa hilo ndilo jina alilolifanyia kazi, nitamwacha nalo.

Mara hiyo moja aliyonifokea ndiyo iliyonifanya niishi miaka mitatu nikimkagua binti yangu kila asubuhi: ulimi, macho, tumbo. Niliamini nimemnywesha kitu kibaya, yeye na watoto wa shule nzima, kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumwambia mtu. Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili msomaji asije akakaa akinisubiri nifanye ushujaa.

Nilitoka Mbeya mjini, kwa watu wa duka la vitambaa waliozoea koki iko uani. Nikapangiwa kufundisha katika kijiji kimoja cha Mufindi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Igowole. Ilikuwa miaka ya sabini. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vilimani kwao wakapangwa kwa mistari, nyumba kumi kumi, na ukungu ulikuwa unaingia darasani bila hodi. Nilifika na sanduku la bati na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni; baba yake alikuwa Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tukionana likizo kwa likizo.

Kijiji kilikuwa na bomba moja. Maji yalitoka mlimani, yakaingia kwenye tangi la saruji, yakashuka kwa bomba la plastiki mpaka kwenye koki saba za kuchotea, ya saba ikiwa pale shuleni. Mtaro wa bomba hilo walikuwa wameuchimba wanakijiji wenyewe, kila nyumba kumi kipande chake, na Fundi ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Mabomba yaliletwa kwa lori, mgeni rasmi akaja akafungua, ngoma zikapigwa, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kuuliza. Bomba likawa letu, na kuvuja kwake kukawa kwetu.

Nilijuana naye kwa sababu ya malalamiko. Koki ya shule ilikuwa inadondosha maji usiku na mchana, uwanja umekuwa tope, nami nikamwendea nikiwa nimekasirika kama mtu wa mjini anavyokasirika.

"Asante," akasema. "Asante sana, Mwalimu. Njoo uandike."

Akanipeleka kwenye ghala la ushirika. Ukutani kulikuwa na ubao mkuukuu, umepasuka pembeni, umegawanywa safu tatu kwa chokaa. Juu ya safu ya kwanza kulikuwa na neno KASORO, ya pili ALIYEONA, ya tatu ALIYEREKEBISHA. Chini yake kilining'inia kipande cha chaki ndani ya kopo la maziwa. Nikaandika kasoro yangu, nikaandika jina langu, kisha nikamuuliza kama sasa atanipa spana.

"Hapana, wewe umeona. Inatosha."

"Na nani atarekebisha?"

"Atakuja mtu." Akapangusa vumbi la chaki kwenye koti. "Ukimpa spana kila anayesema, kesho hakuna atakayesema. Watapita wanaona maji inamwagika, wanageuza shingo."

Siku ya tatu koki ilikuwa kavu, na kwenye safu ya tatu kulikuwa na jina la mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mtu ambaye mpaka hapo nilikuwa nimemwona amelala tu. Tangu siku hiyo nikawa natoa chaki za shule na kuzipeleka ghalani mfukoni, nikijua kabisa kwamba mwalimu mkuu angenigundua ningekuwa na kesi.

Huyo mgema alikuwa kazi ya mikono ya Fundi. Kuna wakati nilikuwa na Fundi tunapita mahali pamevuja kidogo, kiungo kimelegea tu, kitu cha kuzungusha mara mbili kikaisha. Fundi akaruka lile dimbwi akaendelea na safari. Nikadhani hajaona, nikamshika koti.

"Nimeona," akasema. "Hii siyo yangu. Hii ya mtu ambaye hajawahi."

Alikuwa anaweka akiba ya kasoro ndogo kwa ajili ya watu wapya. Kasoro kubwa alizirekebisha mwenyewe au na wale wazoefu, tena bila maneno, lakini zile nyepesi alizilinda hasa, akimfikiria huyu na yule, nani ana aibu, nani anadharauliwa nyumbani kwake. Kuvuja kwa uwanja wa shule alikuwa amempa mgema kwa kumwomba tu amshikie spana, kisha akajifanya ameitwa mahali. Mgema akamaliza peke yake. Kesho yake akaja darasani kwangu, ananuka ulanzi wa jana, akaniomba twende ghalani nimwonyeshe ubaoni jina lake, aliloandikiwa na Fundi, ni lipi. Nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu, akanigeukia.

"Na hii ya juu yake?"

"Hilo ni neno. Aliyerekebisha."

Jioni hiyo alikuja kwenye kisomo cha watu wazima, akakaa mbele. Ulanzi hakuacha, nisimsingizie, lakini alikuja.

Siku zile kujitolea kulikuwa na maana yake. Mbiu ikilia unatoka na jembe, usipotoka mgambo wanakuja kwako, na kuku wako mmoja anakuwa amekwenda. Katibu wa kijiji, mtu mrefu aliyekuwa na hofu zake kuliko sisi sote, alimwambia Fundi mara nyingi kwamba atampa mgambo, bomba litatengenezwa kwa siku moja. Fundi alikataa kila mara, kwa upole.

"Mtu akiletwa na mgambo anafunga mpira kwa hasira, Katibu. Mpira ya hasira haimalizi wiki."

Maana tulifunga kwa mpira, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyokatwa kama utepe. Unauvuta, unazungusha, unauvuta tena, na unafanya hivyo maji yakiwa yanakurukia usoni, kwa sababu kulikuwa na sheria moja ya Fundi ambayo haikuandikwa popote na ambayo kila mtu aliijua: koki ya juu, ile ya tangini, haifungwi. Unaziba huku maji yanatembea. Tulilowa mpaka chupi katika baridi ile ya Juni, tukacheka, tukaugua mafua. Kila kitu kingine alikieleza mpaka ukachoka. Alieleza kwa nini mpira uanzie mbali na ufa, kwa nini udongo urudishwe kwa tabaka, kwa nini jiwe lisiguse bomba. Hilo moja hakulieleza. Ukimuuliza alisema, "Tufanye hivyo tu, mnyalukolo," yaani ndugu, akakuomba umpe kitu kilichokuwa mbali.

Alikuwa mtu wa wazi kiasi cha kutia hofu. Mchoro wa bomba ulikuwa umefungiwa kwenye kabati huko wilayani, hakuna aliyeruhusiwa kuuona bila barua. Fundi akauchora upya kwa kumbukumbu, ukutani kwa nyumba yake, upande wa barabarani, kwa mkaa na udongo mwekundu. Alichora tangi, koki saba, kila kiungo, kila kona, ili yeyote anayetaka kusaidia asimame pale ajue anakwenda wapi. Katibu alipouona alibadilika rangi.

"Hii ni siri ya serikali! Adui akija?"

"Adui akija atachota maji kama sisi."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyecheka kwa sauti. Ilikuwa miaka ambayo mtu angeweza kuitwa mhujumu kwa jambo dogo kuliko hilo, na ubao wenyewe ulikuwa jambo kubwa: orodha ya makosa ya mradi ambao mgeni rasmi aliufungua kwa mkono wake, imetundikwa hadharani. Wageni kutoka wilayani walipokuwa wanakuja, Katibu aliufuta wote kwa koti lake. Wageni wakaona ubao mweusi, wakasema kijiji hiki kina maendeleo. Vumbi la gari lao lilipotulia, Fundi akaja na chaki akaandika upya kasoro zote kwa mpangilio wake, na majina, bila kukosea hata moja. Nilisimama pembeni yake nikiangalia barabarani. Nilitamani amalize haraka.

Kwenye ule mchoro wa ukutani kulikuwa na mahali pamoja palipoonekana pachafu. Chini ya mwamba mkubwa, kati ya tangi na koki ya kwanza, mkaa ulikuwa umefutwa na kuchorwa, umefutwa na kuchorwa, mpaka ukuta umeingia shimo. Nilifikiri mkono wake ulikuwa umeteleza.

Wakati huo jirani yangu, Mama Neema, ndiye aliyekuwa akimlea binti yangu nikiwa darasani. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo na mlalamikaji namba moja wa kijiji. Kila asubuhi alipita ghalani na ndoo yake, akasoma ubao kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akaandika lake: koki ya tatu inapiga kelele, maji ya leo mazito, kuna chura. Safu ya pili ilijaa jina lake. Safu ya tatu hakuingia hata siku moja. Watu walimtania, wakasema Mama Neema ana macho lakini hana mikono. Mimi nami nilimteta mbele ya Fundi, nikategemea atacheka nami.

"Yule ndiye mtu wangu wa kwanza," akasema, na uso wake haukuwa na mzaha. "Kama anaona chura, ataona na kingine."

Sikumuuliza kingine kipi. Kulikuwa na mambo mengi ya Fundi ambayo tuliyazoea bila kuyauliza. Mke wake, kwa mfano, alichota maji kwenye chemchemi ya zamani, upande wa pili wa kilima, na mtungi kichwani, wakati koki ya pili ilikuwa karibu na mlango wake kiasi kwamba ungeweza kurusha jiwe ikalia. Fundi wa bomba, mkewe anakwenda chemchemini! Watoto waliwatungia wimbo. Fundi alisema mke wake hapendi ladha ya plastiki, basi. Lakini yeye mwenyewe kila alfajiri alishuka mpaka shuleni, kwenye koki ya saba, ya mwisho kabisa, akakinga kikombe cha bati, akanywa chote, akakaa juu ya jiwe. Alikaa pale mpaka jua lipande kidogo, mikono katikati ya magoti, kisha akainuka akaenda zake. Tuliona ni majivuno ya mtu na kazi yake.

Na watoto aliwasalimia kwa namna yake. Hakuwapiga kichwani kidogo kama wazee wengine. Alimshika mtoto mkono, "Kamwene," akaugeuza kiganja, akaugeuza tena, akauachia. Wanafunzi wangu walizoea. Wakimwona walijipanga wenyewe mikono mbele. Binti yangu alipojifunza kutembea naye akaenda kujipanga.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, wanafunzi wamekuja kwa kazi ya shamba la shule. Kulikuwa na ufa kwenye bomba, juu ya shule, umeandikwa ubaoni kwa siku nne, na kwa mara ya kwanza nilitaka jina langu liwe safu ya tatu kwa kazi kubwa, si ya kulegea kwa kiungo. Nilikwenda na mama wawili wa kisomo. Tukajaribu kufunga mpira maji yakiruka, ukateleza. Tukajaribu tena. Nikakumbuka mafundi wa Mbeya waliokuwa wanakuja nyumbani kwetu: kitu cha kwanza wanachofanya ni kufunga maji. Nikaona sheria ya Fundi ni ushamba tu. Nikapanda mlimani peke yangu, nikaifunga koki ya tangini.

Bomba likakauka. Kule chini koki zilikuwa wazi, zikatoa pumzi, zikanyamaza. Nilifunga mpira mkavu juu ya bomba kavu, kazi safi kabisa, nikajipongeza. Nikapanda tena nikafungua.

Niliposhuka shuleni watoto walikuwa wanakunywa. Maji yalikuwa ya kahawia, hilo si ajabu, lakini yalikuwa na harufu. Haikuwa harufu ya tope. Ilikuwa kama ya dawa, ya kitu kilichofungiwa chumbani muda mrefu. Binti yangu alikuwa na kikombe mkononi na kidevu kimelowa.

Ndipo nikamsikia Fundi kabla sijamwona. Alikuwa anateremka mbio, koti liko wazi, kofia hana.

"Nani kafunga? Nani kafunga koki ya juu?"

Nikasema ni mimi. Akanishika mabega yote mawili. Sijawahi kuona macho kama yale, wala sitaki kuyaona tena.

"Nimewaambia nini? Nimewaambia nini nyinyi?"

Akaniachia, akaanza kumwaga ndoo za watu. Alimwaga za watoto, akaenda koki ya sita, ya tano, akamwaga za akina mama waliokuwa wanamtukana, akazifungua koki zote maji yakamwagika ovyo kutwa nzima. Siku mbili alilinda koki kwa fimbo, yeye ambaye hakutaka mgambo. Aliwaambia watu matope yameingia, yanaumiza tumbo. Siku ya tatu akashuka koki ya saba na kikombe chake, akanywa, akakaa juu ya jiwe, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya dirisha la darasa namhesabia pumzi.

Binti yangu alitapika usiku wa kwanza, akapata homa. Watoto wengine wanne pia. Wote walipona, au walionekana kupona, na homa kwa watoto si jambo la ajabu. Lakini ubaoni hakukuandikwa kitu. Fundi hakuandika, mimi sikuandika. Mtu aliyekuwa anamshukuru hata aliyeona chura, siku hiyo alipita mbele ya ule ubao akitazama chini.

Kuanzia hapo nikawa mtu wake wa kujitolea kuliko wote, na haikuwa kwa mapenzi. Niliogopa bomba lisije likakauka tena. Nilitafuta watu nyumba kwa nyumba, nikawasifu kwa vitu vidogo, nikawawekea kasoro nyepesi, nikafanya kila alichokuwa anafanya yeye. Nilipokuwa nikifanya hivyo kwa hofu ile, kuna siku ilinipitia kichwani kwamba labda na yeye anafanya kwa hofu. Nikalifukuza wazo hilo haraka.

Mwishoni mwa miaka ile ya sabini Fundi akaanza kuugua. Viganja vilikuwa vigumu, na ngozi yake ikaota madoa. Miguu ikafa ganzi hata akawa anatembea kama anayekanyaga kitu kisichokuwepo. Akapelekwa Tosamaganga, akakaa wodini wiki kadhaa, kisha binti yake akamchukua kwake Iringa mjini. Ubao uliendelea. Mgema wa ulanzi akawa ndiye mwenye spana.

Likizo ilipofika nikapanda basi na binti yangu kwenda kumwona. Nilikuwa nakwenda kukiri. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Igowole: Fundi, siku ile nilifunga koki kwa kiburi, sikuandika, nimeishi na hofu, niambie ni nini nilichowanywesha watoto.

Nilimkuta amekaa uani juani, blanketi miguuni, amekuwa mdogo sana. Alisema "asante" kabla sijasalimu. Kisha akamwona binti yangu, akamwita. Mtoto akaenda, akanyoosha mkono kama alivyozoea.

Fundi akaushika. Akaugeuza kiganja akakipapasa kwa kidole gumba. Akaugeuza tena, akazitazama kucha, moja baada ya nyingine, zote tano, kisha akaomba mkono wa pili. Nilielewa kwamba miaka yote ile hakuwa anawasalimia watoto.

"Hana kitu," akasema. "Huyu hana kitu."

"Fundi, ulikuwa unatafuta nini?"

Akamwambia mtoto akacheze na wajukuu zake. Akasubiri mpaka ameondoka.

"Pale chini ya mwamba. Unapajua?"

"Pale ulipofutafuta ukutani."

"Hapo. Tulipochimba tulikuta mwamba, haipigiki. Wiki moja imebaki mgeni rasmi aje. Katibu analia, wilaya inalia. Nikasema tuzunguke kwa chini, udongo laini. Tukachimba siku mbili tu, kila mtu anafurahi." Akalivuta blanketi. "Ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umeshachimbwa. Kulikuwa na josho la mzungu hapo, la zamani, la kuogeshea ng'ombe. Wamelifukia. Sumu yote ya kupe imemwagwa hapo. Mimi nilikuwa kibarua wa yule mzungu, Mwalimu. Nilijua. Watu waliohamishiwa pale hawakujua, walitoka mbali. Mimi nilijua."

"Na bomba likapita."

"Likapita katikati. Na viungio vilikuwa vimeisha, nikachoma plastiki kwa moto wa majani, likatanuka, nikasukumiza lingine ndani. Pale panavuja mpaka leo." Aliongea taratibu, kwa namna ile ile aliyokuwa akitufundisha kufunga mpira. "Bomba ikijaa, inasukuma nje. Maji inatoka, hakuna kinachoingia. Ikiwa tupu, inanyonya."

Nikakaa chini. Nilikumbuka watu wote wale, mgema, mama wa kisomo, vijana, wote waliolowa katika baridi kuziba vitundu ambavyo havikuwa na hatari yoyote. Hakuna aliyeambiwa kwamba anajitolea kwa ajili ya kitu hiki: bomba lisipungue maji, lisikauke hata saa moja.

"Kwa nini hukuandika?" Nilimuuliza nikiwa na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa ninapoandika. "Ulitufundisha sisi kuandika hata chura!"

"Niliogopa. Kwanza nilimwogopa mgeni rasmi. Halafu Katibu. Halafu bomba ikawa nzuri, watu wakaanza kujitolea wenyewe, nikaogopa nyinyi. Ningewaambiaje? Kila siku nilisema kesho."

"Lakini mkeo ulimwambia."

Alitazama mikono yake migumu. Sijui kama ile sumu ndiyo iliyomfanya vile kwa vikombe vyote alivyokunywa alfajiri, au ni ugonjwa mwingine. Waliomtibu hawakumuuliza amekunywa nini, na yeye hakusema. Nilitaka kumwambia kwamba kujipima mwenyewe hakutoshi, kwamba aliuweka uhai wake kwenye kikombe wakati kilichotakiwa ni chaki. Nikakumbuka kwamba mimi nami nilikuwa nimekuja na kosa la miaka mitatu mfukoni.

"Nenda ukaandike," akasema. "Kwenye aliyeona, niweke mimi. Niliona kabla yenu wote."

Nikarudi kijijini. Usiku ule sikulala, nikasikiliza koki ya shule ikidondosha. Niliwaza Katibu atasema nini, wilaya itasema nini, nani ataitwa mhujumu wa kwanza, mwandishi au aliyelala Iringa na blanketi miguuni. Kulipopambazuka nikachukua chaki, nikaenda ghalani kabla watu hawajatoka. Nikaandika kwa herufi kubwa za kisomo, ili wote wasome: BOMBA LIMEPITA KWENYE SUMU YA JOSHO LA ZAMANI, CHINI YA MWAMBA. Kwenye aliyeona nikaandika jina lake lote, jina la kwa baba yake. Chini yake nikaandika langu pia, na kosa langu la koki ya juu. Chaki ilivunjika mara mbili.

Mama Neema ndiye aliyefika wa kwanza, ndoo imejaa kichwani. Akasimama, akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida yake. Katikati sauti ikapotea, midomo ikaendelea. Alipofika mwisho akaitua ndoo, akatazama yale maji. Yalikuwa meupe kabisa.

"Tangu lini?" akauliza.

Ubao haukuwa na safu ya hilo.

"Tangu mwanzo," nikasema.

Hakulia wala hakunitukana. Aliinamisha ndoo, akayamwaga maji yote taratibu mpaka tone la mwisho, akaibeba tupu, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea upande wa nyumba ya Katibu. Nikabaki nimeegemea ukuta. Nilimwona akiipita nyumba ya Katibu. Akaingia nyumbani kwake mwenyewe.

Alipotoka hakuwa na ndoo. Alikuwa na jembe begani. Aligonga mlango hadi mlango akija, na nyuma yake akatokea mgema anafunga mkanda, na nyuma ya mgema mama wawili wale wa kisomo. Akaja mpaka mbele yangu.

"Wapi?" akasema Mama Neema. "Nionyeshe."